Maandishi ya Mtaalamu na Hesabu ya Wanaoyataja



Mtu wa elimu siku hizi hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni idadi ya makala alizochapisha. Ya pili ni mara ngapi wataalamu wengine wamezitaja katika maandishi yao. Kwa mizani hizo hupewa kazi au hunyimwa, hupandishwa daraja au huachwa alipo. Yafaa basi kuitazama mizani yenyewe, na katika elimu ya kinga ya mwili hapana mfano ulio bora kuliko ule wa Bruce Glick na kuku wake.

Glick alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, katika miaka ya 1950. Siku moja alimwona mwalimu akimpasua bata bukini na kutoa kifuko kidogo kilichokaa karibu na tundu la kinyesi. Akauliza kazi yake ni nini. Mwalimu akamjibu kwamba swali ni zuri, na jawabu alitafute mwenyewe. Kifuko hicho kilikuwa kimekwisha elezwa na Fabricius, mwalimu wa Padua katika Italia, ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1621, baada ya kufa kwake. Walakini kwa zaidi ya miaka 300 hapana aliyejua kina faida gani.

Glick akawatoa vifaranga kifuko hicho, akangoja. Hapakudhihiri jambo kubwa. Ndipo mwenziwe, Timothy Chang, alipohitaji kuku wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, yaani silaha ile ipatikanayo katika damu kwa kupigana na vijidudu vya maradhi. Akaazima kuku wa Glick, akawadunga salmonela. Wengine damu yao haikutoa kitu, na somo likaharibika. Walipochunguza wakaona ya kuwa walioshindwa ni wale waliotolewa kifuko. Mtu mwingine angaliona haya, akatafuta kuku wapya. Hawa walirudia majaribio mpaka wakahakikisha.

Wakaipeleka makala yao kwa jarida la Science, lenye sifa kubwa. Likaikataa. Basi ikatoka mwaka 1956 katika Poultry Science, jarida la wataalamu wa ufugaji wa kuku. Na daktari wa binadamu atasoma habari za kuku kwa ajili ya nini? Makala ikakaa miaka bila ya kushughulikiwa sana na watu wa tiba.

Mwaka 1961, huko London, Jacques Miller alionyesha kwa panya kwamba tezi ya thaimasi, iliyo kifuani, ina kazi kubwa katika kinga. Kisha mwaka 1965 Max Cooper na wenziwe katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wakirudia njia ya Glick juu ya kuku, walithibitisha kwamba jeshi la mwili ni la namna mbili: chembe zitokazo katika thaimasi, na chembe za kutengeneza kingamwili, ambazo kwa ndege hukomaa katika kile kifuko. Binadamu hana kifuko hicho. Kwake chembe hizo huzaliwa katika uboho wa mifupa. Hapo makala ya kuku ikaanza kutajwa kila mahali.

Sasa turudi kwenye mizani. Eugene Garfield wa Philadelphia alitoa mwaka 1964 faharasa kubwa ya kuonyesha nani amemtaja nani, na makusudi yake yalikuwa kumsaidia msomaji kufuata njia ya fikira moja hadi nyingine. Faida hiyo haikataliki. Lakini kutokana nayo kikazuka kipimo cha majarida, ambacho huhesabu kutajwa kwa makala za miaka miwili iliyopita tu. Miaka miwili! Makala ya Glick ilingoja karibu miaka tisa. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia, akaleta kipimo cha mtu mwenyewe: mwenye makala 20, kila moja imetajwa mara 20 au zaidi, hupewa 20. Kwa hesabu hiyo, mwenye makala moja iliyotajwa mara elfu hupata 1. Tena kipimo hakiulizi kama anayetaja anasifu au anapinga, wala kama mwandishi anajitaja mwenyewe.

Mwaka 2013 lilitolewa azimio la San Francisco, likitaka mtaalamu asihukumiwe kwa kipimo cha jarida, bali kazi yake isomwe. Kusoma ni kazi ngumu kuliko kuhesabu, na labda ndiyo sababu hesabu inapendwa.

Mwaka 2019 Cooper na Miller walipewa Tuzo ya Lasker kwa kazi yao, nao waliistahiki. Makala ya kuku ingali katika juzuu ya 35 ya Poultry Science. Kifuko kwa Kilatini ni bursa, na kila daktari anapoandika “chembe B” huandika herufi ya kwanza ya jina hilo.