Mbolea bandia: kamera zilimwacha mkulima
Msikilizaji, tuitazame mbolea bandia waliyouziwa wakulima wa Kenya mwaka 2024 kupitia mpango wa ruzuku, ambapo mfuko wa kilo 50 uliuzwa shilingi 2,500. Haki yao tuwape: waandishi wa habari ndio waliofichua uovu huo. Lakini hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo ilipofika bungeni, kamera zilihamia huko. Mwezi Mei kamati ya bunge ikamwondolea lawama, na habari ikapoa. Wapo watakaosema serikali iliwafidia wakulima mifuko mingine. Sawa, ila mfuko mpya haurudishi msimu kwa mahindi yaliyokwisha kudumaa, na mavuno yakipungua, mlaji wa mjini naye hulipia kwenye bei ya unga. Je, nani anamfuatilia mkulima yule leo?