Mashua Kidogo, Watu Wengi: Mambo ya Pwani ya Sanriku, Japani

Maneno yenye yalisemwa kwa jina la komite ku mukutano mukuu wa wanamemba



Mbele ya kuingia katika ajenda ya leo, yenye iko juu ya nyavu na mitumbwi, tunaomba tuzungumuze kidogo juu ya watu wengine wenye walipoteza vyote, wakarudi kwao, na wakajiuliza swali lilelile tunajiuliza siye: vyombo viko kidogo, watu wako wengi, tufanye namna gani? Watu hao wako Japani, kwenye pwani yenye kuitwa Sanriku. Wao hawakukimbia vita, walikimbia maji. Hiyo ni tofauti kubwa, hatutaificha, juu maji haikuombi usamehe jirani yako. Lakini kurudi kwenye kiwanja kitupu, hilo wanalijua kama siye.

Sanriku iko kaskazini-mashariki ya Honshu, kisiwa kikubwa cha Japani, katika majimbo ya Aomori, Iwate na Miyagi. Kule milima inashuka mpaka ndani ya bahari. Nafasi ya kulima ni kidogo. Tena, wakati wa joto, upepo wa baridi wenye kuitwa Yamase unatoka baharini, na mpunga haukomai. Zamani upepo huo ulileta njaa mingi. Njo maana watu walitegemea bahari. Na bahari yao ni tajiri, sababu mukondo wa maji ya baridi kutoka kaskazini unakutana na mukondo wa maji ya joto kutoka kusini, na samaki wanajaa.

Chakula chao kinaonyesha historia yao. Kule Noda, watu walichemusha maji ya bahari ndani ya vyungu vya chuma mpaka chumvi inabaki, wakaibeba juu ya migongo ya ng’ombe, wakavuka milima na kuibadilisha na muchele na nafaka zingine. Bamama walikanda unga wa ngano, wakaukatakata kwa mikono na kuutupa ndani ya supu ya mboga. Chakula hicho kinaitwa hittsumi, na mpaka leo wanakipenda. Wakati wa vuli wanachoma sanma, samaki mwembamba mwenye mafuta, kwa makaa na chumvi tu. Wanalima majani ya bahari yenye kuitwa wakame: wanayafunga ku kamba ndani ya maji, wanayavuna kuelekea mwisho wa baridi, wanayachemusha na kuyatia chumvi juu yasioze. Wanafuga pia chaza, munyama mudogo mwenye kukaa katikati ya makoa mawili magumu. Wanamuning’iniza ku kamba chini ya vyelezo.

Na kuko samoni. Samaki huyo anazaliwa mutoni, anaenda bahari ya mbali, na kisha miaka karibu ine anarudi ku muto uleule kwenye alizaliwa. Watu wa Iwate wanamupaka chumvi na kumutundika ku upepo wa baridi, juu ya kumula wakati wa sikukuu za mwaka mupya. Wandugu, hatuhitaji kueleza sana kwa nini samaki huyo alitupendeza. Lakini miaka hii samoni wenye kurudi wamepunguka sana, na wavuvi wanahangaika.

Bahari yenye kulisha njo ile yenye kuua. Tarehe 15 Mwezi wa 6, 1896, jioni, watu wakiwa ku sikukuu, tsunami ilifika: bahari ilitikiswa kule chini, ikasimama na kuingia inchi kavu. Watu karibu 22,000 walikufa. Tarehe 3 Mwezi wa 3, 1933, ilirudi tena, ikaua watu karibu 3,000. Mwaka wa 1960 ilitoka mbali, ku tetemeko la Chile, ikavuka bahari nzima mpaka kwao.

Katika kijiji kidogo cha Aneyoshi, mwaka wa 1896 walibaki watu wawili tu. Wengine wakaja kujenga tena. Mwaka wa 1933 wakabaki wane. Njo wenye kubaki wakasimamisha jiwe juu ya mulima, wakaandika ndani yake kama mutu asijenge nyumba chini ya hapo. Wajukuu walitii. Tarehe 11 Mwezi wa 3, 2011, maji yalipanda mulima, lakini yalisimama chini ya lile jiwe, na nyumba za kijiji zikabaki salama.

Mahali pengine haikukuwa vile. Siku hiyo zaidi ya watu 18,000 walikufa ao kupotea katika Japani, wengi wao ku pwani hiyo. Ku Taro walikuwa na ukuta wa metre 10, maji yaliuruka. Mashua zilivunjika, kamba za chaza na wakame zikapotea, na familia zikalala ndani ya masomo kwa miezi.

Sasa tufike kwenye jambo lenye lilituleta. Karibu na Aneyoshi kuko eneo la Omoe, na kule wavuvi wako na koperative. Ni wavuvi wenye umoja tangu zamani: bamama wa koperative hiyo walikubalianaga kuacha sabuni za kemikali, juu maji ya kufulia yasichafue bahari. Kisha tsunami ya 2011, karibu mashua zao zote zilipotea. Wachache tu walibaki na mashua nzima. Kisheria na kwa haki, mashua hizo zilikuwa zao. Wangeweza kuvua peke yao na kuuza kwa bei nzuri, wakati jirani anaangalia.

Koperative ilikusanya watu, wakazungumuza, wakakubaliana hivi: mashua zenye zilibaki, na zile zenye zitapatikana, zitatumiwa na wote. Wavuvi wataenda kwa makundi. Feza za mavuno zitagawanywa. Wakaanza na wakame mwaka uleule. Na wakati mashua zilitosha, kila muvuvi akarudilia kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo ule umoja ulikuwa na mwanzo na mwisho. Haukuwa wa kumunyanganya mutu mali yake milele. Ulikuwa wa kuvuka mutoni, na kisha kuvuka kila mutu ashike njia yake.

Na ninyi marafiki wenye kutoa, tuko na habari yenu pia. Mbele ya mwaka wa 1975, chaza za Ufaransa zilikufa kwa ugonjwa, na wafugaji wa kule walikuwa hatarini. Mbegu za chaza zilitoka Miyagi, ku pwani hiihii ya Sanriku, zikaenda kurudishia Wafaransa kazi yao. Kisha 2011, wafugaji wa chaza wa Ufaransa wakatuma vyombo vya kazi Sanriku. Wazee walikumbuka. Leo mukono wetu njo uko chini, lakini tunaomba mutuangalie kama watu wenye siku moja watarudisha.

Kitu kingine: vikundi vya ngoma vya vijiji vya Sanriku vilipoteza masanamu ya uso na ngoma zao ndani ya maji. Kuko wenye walitafuta vitu hivyo ndani ya matope na kuanza kucheza tena mbele hata ya kupata nyumba. Walijua kijiji hakirudi kwa mabati peke yake.

Basi komite inaleta mambo matatu mbele yenu. Moja: nyavu na mitumbwi yenye itafika, ikae ya chama mpaka kila nyumba ipate njia ya kuvua, na wenye walirudi mbele, wako na mutumbwi, tunawaomba waukopeshe kwa muda wenye utaandikwa. Tunajua waliununua kwa jasho. Njo maana tunaomba, hatuamuru. Mbili: hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, hili ni kwa marafiki: mara mingi munatuomba liste, kila jina na kitu chake. Mukubali mara hii liste yenye jina moja, la chama.

Watu wa Aneyoshi waliandika makubaliano yao ku jiwe, na wajukuu waliokoka. Siye tuko na karatasi na kalamu. Tuzungumuze sasa, kila mutu aseme, na kile tutakubaliana tukiandike leo, mbele ya kutoka hapa.