Kaakaa la mtoto huungana tumboni

Leo tuzungumze juu ya kaakaa. Hebu pitisha ulimi wako juu, ndani ya kinywa, katikati. Utagusa mstari mwembamba kama mshono. Hapo ndipo pande mbili zilipokutana, wewe ukiwa bado tumboni mwa mama yako.

Uso wa mtoto hauoti kwa mara moja. Huota vipande vipande, na vipande hivyo hukutana vikashikana. Mdomo wa juu huungana katika juma la 6 au la 7 tangu mimba kutungwa. Kaakaa hufuata. Kwanza huota nyama mbili, moja kulia na moja kushoto, zikining'inia kwa chini, maana ulimi umejaa katikati. Karibu na juma la 8 ulimi hushuka. Nyama zile nazo huinuka, hulala juu ya ulimi na kuelekeana kama mbawa mbili za mlango. Zikigusana, ngozi nyembamba iliyo kati yao hutoweka, zikawa nyama moja. Kufika juma la 12 kazi imekwisha, na tumbo la mama hata halijaonekana!

Je, zisipokutana? Mtoto huzaliwa na tundu kaakaani, au na mdomo uliopasuka, ule tunaouita mdomo wa sungura, au vyote viwili. Duniani, katika watoto 700 hivi wanaozaliwa, mmoja huwa hivyo. Basi hapo maneno huanza: mama karogwa, mama kavunja mwiko. Si kweli, jamani. Mara nyingi sababu moja haionekani. Yapo ya urithi, na damu ya baba imo, si ya mama peke yake. Ipo sigara na pombe wakati wa mimba. Zipo pia dawa fulani za kifafa. Lakini anayezitumia asiziache mwenyewe, amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Hatari ya kwanza ni njaa. Mwenye tundu kaakaani hushindwa kuvuta titi, na maziwa humtokea puani. Mama akamue maziwa yake, amnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole, mtoto akiwa ameinuliwa kichwa. Kisha wampeleke hospitali mapema, baba naye aende. Mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6 hivi, kaakaa kati ya miezi 9 na 18, akiwa na uzito wa kutosha. Aliyechelewa bado hushonwa, hata mtu mzima, ila kujifunza kusema sawasawa humwia vigumu zaidi.