Kadi ya Bima na Cheti cha Dawa

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Wasemaji waliotutangulia wameeleza habari za pamba, maghala na mizani, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Ofisi ya Katibu imepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo halipimwi kwa mizani, lakini hupunguza nguvu ya mkulima shambani na fedha yake nyumbani. Jambo hilo ni gharama za mtu ambaye lazima arudi kwa daktari mara kwa mara ili aandikiwe tena dawa zile zile.

Watu wa namna hii wamo katika kila chama cha msingi. Wako wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, wenye pumu na wenye kifafa. Maradhi yao si kama homa ya malaria, ambayo mtu hutibiwa siku chache akapona. Dawa ya shinikizo la damu huushika ugonjwa kwa muda wote inapomezwa, na ikiachwa ugonjwa hurudi palepale, tena mara nyingi bila maumivu yoyote. Mtu hujiona mzima, akalima, akapalilia, mpaka siku anapopatwa na kiharusi au figo zikaharibika. Kwa hiyo cheti cha dawa kikiisha, kukipata kingine ni sehemu ya matibabu yenyewe. Yafaa gharama zake zihesabiwe kwa makini kama tunavyohesabu gharama za mbegu na viuadudu.

Basi na tuzihesabu. Safari moja ya kuandikiwa dawa upya ina gharama tano. Ya kwanza ni ada ya kumwona daktari. Ya pili ni vipimo, kwa kuwa daktari hawezi kuandika dawa ya kisukari bila kujua sukari imefika wapi. Ya tatu ni dawa zenyewe. Ya nne ni nauli ya kwenda na kurudi. Ya tano ni siku ya kazi inayopotea. Kadi ya bima hulipa zile tatu za kwanza, kwa kadiri ya mpango ambao mwanachama amejiunga nao na ngazi ya kituo alichokwenda. Nauli na siku ya kazi hubaki juu ya mgonjwa mwenyewe. Tena dawa ikikosekana katika zahanati, na mgonjwa akainunua dukani kwa fedha yake bila kuuliza utaratibu, hata ile gharama ya tatu humrudia. Ndiyo maana twasikia wanachama wakinung'unika kuwa wana kadi na bado wanalipa. Wanasema kweli, lakini kosa si la kadi peke yake. Yatupasa kujua mahali inapoishia kazi yake.

Bima si jambo geni katika nchi yetu ya pamba. Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio katika wilaya ya Igunga, wilaya ya wakulima wa pamba kama sisi. Sheria yake ilitungwa mwaka 2001, na utaratibu wa tele kwa tele ukaiwezesha Serikali kuongeza fedha juu ya zile zilizotolewa na wananchi. Mfuko huo ulipoundwa upya mwaka 2018, mchango wa kaya ya watu wasiozidi sita uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nao uliweka mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima wanachama wa vyama vya ushirika, na mchango wake ulikuwa shilingi 76,800 kwa mtu mzima kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa sababu ya sheria hiyo viwango na mafao hubadilika, na kila mwanachama aulize kwanza kabla ya kutoa fedha: mpango huu walipa nini, katika vituo gani, na kadi yaanza kufanya kazi lini.

Sasa twafika kwenye shida iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni majira. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa mchango wake kila mwezi, wala haoni tabu. Mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza. Kadi yake ikiisha mwezi wa Januari, wakati fedha imekwisha na palizi imepamba moto, hana cha kulipia. Naye mgonjwa wa shinikizo la damu hawezi kuuambia ugonjwa ungoje mpaka soko lifunguliwe. Katika miezi hiyo ndipo mtu humeza kidonge siku moja akaacha siku ya pili, au humwazima jirani vidonge vyake. Hatari hii haikuletwa na uvivu wa mtu yeyote. Imetokana na tarehe ya kadi kutopatana na tarehe ya pamba, na tarehe ya kadi twaweza kuipanga.

Kuna hesabu nyingine ambayo twaomba kila mmoja aifanye nyumbani kwake. Tuseme mwanachama hulipa nauli ya shilingi 3,000 kwenda na kurudi, naye huenda kila mwezi. Kwa mwaka atatoa shilingi 36,000, yaani fedha inayozidi ule mchango wa shilingi 30,000 tuliotaja kwa kaya nzima! Kama angepewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, angekwenda mara nne tu, na nauli ingekuwa shilingi 12,000. Tena angeokoa siku nane za kazi.

Je, jambo hili lawezekana? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishauri kwamba mtu aliyeanza dawa za shinikizo la damu, au aliyebadilishiwa dawa, aonwe kila mwezi mpaka shinikizo lishuke panapotakiwa. Na ambaye shinikizo lake limetulia aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kadhalika, tangu mwaka 2016 Shirika hilo lilishauri wagonjwa wa Ukimwi ambao hali zao zimetulia wapewe dawa za miezi 3 hadi 6. Kwa hiyo tukiliomba kwa wenye shinikizo la damu, hatuombi upendeleo. Lakini tuelewane vizuri: mwenye kuamua ni daktari, baada ya kupima. Mgonjwa ambaye hajatulia hana budi kwenda kila anapoitwa, hata kama nauli ni ghali.

Kutokana na hayo, ofisi yetu yaleta mapendekezo manne mbele ya Mkutano Mkuu.

Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na daftari la kadi, lenye jina la mwanachama na tarehe ambayo kadi yake itakwisha. Daftari hilo lisiandikwe ugonjwa wa mtu, maana hiyo ni siri yake na daktari wake.

Pili, mwanachama anayependa, kwa kutia sahihi yake, akatwe mchango wa bima wakati wa malipo ya pamba, na kadi zote zihuishwe katika msimu huo. Fedha hiyo iwekwe mbali na fedha nyingine za chama, ipelekwe upesi kwenye mfuko unaohusika, na kila mtu apewe stakabadhi yake. Fedha ya dawa isiyofika inakopelekwa ni hatari kuliko deni la mbegu.

Tatu, Bodi iiombe Halmashauri ya Wilaya ipange siku maalumu ya wagonjwa wa kudumu katika vituo vilivyo karibu, ikiwezekana iwe siku ya gulio, ili nauli moja ifanye kazi mbili. Katika maombi hayo tuulize pia habari ya dawa za miezi mitatu kwa waliotulia.

Nne, wanachama wenyewe watimize sehemu yao. Mtu aende juma moja kabla ya vidonge kwisha, asingoje kile cha mwisho. Achukue kadi, cheti cha zamani na daftari la vipimo. Dawa ikikosekana, aulize pale pale kituoni utaratibu wa kuipata kwa kadi kabla ya kwenda dukani. Wala asiache dawa kwa sababu anajiona mzima, maana huenda ni dawa hiyo inayompa uzima anaojiona nao.

Mabibi na Mabwana, mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, ili mkulima mmoja mwenye gunia lake asisimame peke yake mbele ya mnunuzi. Mgonjwa mmoja mwenye cheti chake naye asisimame peke yake mbele ya gharama. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, nao ni ile miezi kati ya kadi kuisha na soko kufunguliwa. Twaomba Mkutano Mkuu uyajadili mapendekezo haya na kuyapigia kura kabla msimu wa kuuza haujaanza, ili mvua za Novemba zitakapoanza kila kadi iwe hai.