Hotuba juu ya Taabu za Mabasi



Katika mambo yaliyoletwa mbele ya Halmashauri, hakuna lililorudiwa kama taabu ya mabasi. Gari haliondoki mpaka lijae. Mvua ikinyesha, nauli hupanda. Na abiria wakipungua njiani, waliobaki huteremshwa kabla ya kufika waendako. Mgonjwa hukosa zamu yake hospitalini, na kibarua aliyechelewa hukuta kazi imepewa mwingine.

Jambo hili lina asili yake. Mabasi ya kampuni yalianza Nairobi mwaka 1934, lakini hayakuwatosha watu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni maalum. Jina lenyewe latokana na nauli ya zamani, mapeni matatu, yaani senti thelathini. Dereva na kondakta wengi hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani cha fedha kila jioni, nao hula kinachobaki. Ndiyo maana hawaendi kwa saa, bali kwa hesabu ya viti.

Hata hivyo, mwaka 2010 serikali iliagiza wenye matatu wajiunge katika vyama. Basi wako viongozi wa kuulizwa.

Tusinung'unike stejini tu. Twaomba kila mwanachama aandike tarehe, saa, nambari ya gari na nauli aliyotozwa, ampe Katibu. Tukiwaendea viongozi hao na daftari mkononi, hawataweza kusema kwamba hawakuambiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.