Kutunga Hadithi Fupi za Kuuzwa Magazetini

Haya ni mazungumzo waliyopewa watu waliojiandikisha kujifunza utungaji wa hadithi fupi. Tumeyachapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa niseme nanyi habari ya mafunzo haya ambayo siku hizi huitwa warsha, na hasa habari ya hadithi fupi zinazotungwa ili zinunuliwe na magazeti. Kazi yangu ni kufasiri, na mfasiri mara nyingi hulipwa kwa kuhesabiwa maneno yake. Kwa hiyo sitaona haya kutaja fedha. Wako watu wasemao kwamba kutunga kwa ajili ya malipo ni kuivunjia fasihi heshima yake. Mimi huwajibu kwamba seremala hulipwa kwa kiti alichokitengeneza, wala kiti hakipungui uzuri kwa sababu hiyo.

Lakini kwa kuwa ni jambo la fedha, yafaa tulitazame kama tutazamavyo biashara yo yote: ni kitu gani kinachouzwa, mnunuzi ni nani, na mwuzaji hubakiwa na nini. Yamkini yuko kati yenu aliyeuza mbuzi ili apate ada ya mafunzo. Mtu huyo anastahili kuambiwa kweli kabla hajaketi darasani.

Kweli ya kwanza ni hii: mafunzo hayampi mtu hadithi. Yanampa vitu viwili tu, yaani siku ambayo kazi lazima iwe imekwisha, na wasomaji wasio ndugu zake. Msividharau vitu hivyo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alisimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi Makerere alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia, akamwambia kwamba ametunga hadithi na angependa aitazame. Kwa kweli hakuwa nayo. Lakini kwa kuwa maneno yalikwisha kumtoka, ilimbidi aende akaitunge. Mwaka 1960 hadithi yake juu ya mti wa mugumo ilichapwa katika Penpoint, gazeti la wanafunzi wa Makerere. Ahadi aliyompa mwenzake ilimfanyia kazi ambayo tamaa ya moyoni haikuwa imeifanya.

Wala mafunzo ya namna hii si mageni katika nchi yetu. Ezekiel Mphahlele, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa mhariri wa hadithi wa gazeti la Drum huko Afrika ya Kusini, alianzisha Nairobi mwaka 1963 nyumba ya utamaduni iliyoitwa Chemchemi, na watungaji wakakusanyika humo kusomeana kazi zao. Tazameni jambo hilo: mtu aliyekuwa akinunua hadithi ndiye aliyekuja kufundisha utungaji. Mkiweza kuchagua, mchagueni mwalimu wa jinsi hiyo, aliyepata kukaa upande wa pili wa meza.

Nami nitawaeleza jambo moja nililoliona katika mafunzo niliyohudhuria. Mwanamume mmoja, mwuza nguo sokoni, alitusomea hadithi yake. Ilianza siku ya kuzaliwa kwa shujaa wake, ikapita utoto wake, shule yake, na safari yake ya mjini. Tulikuwa tukisikiliza kwa adabu. Alipofika ukurasa wa nne, ndugu mkubwa akaingia nyumbani usiku, akaweka hati ya shamba juu ya meza, akamwambia mama yao atie kidole gumba. Hapo chumba kizima kilinyamaza, hata aliyekuwa akitafuta miwani yake akaacha. Mwalimu hakumlaumu mtungaji. Aliuliza tu, "Jamaa, hadithi hii imeanza wapi?" Sote tukajibu kwamba imeanza mezani. Yule bwana akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya kurasa tatu za kwanza. Naliona mkono wake ukisita, maana kurasa hizo zilimgharimu juma zima. Lakini aliyoyaacha hayakupotea: utoto wa wale ndugu wawili ulikuwa umo katika namna mama alivyomtazama mmoja na kuogopa kumtazama mwingine.

Basi hilo ndilo fundisho kubwa la hadithi fupi. Riwaya yaweza kumfuata mtu tangu kuzaliwa hata kuzikwa. Hadithi fupi humkuta mtu mlangoni pa jambo moja, ambalo akishalipita hawezi kurudi alivyokuwa.

Kweli ya pili: gazeti ni nyumba ya watu, na mgeni huuliza desturi za nyumba kabla ya kuketi. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na wasomaji wake. Drum lilikuwa la watu wa mjini, nalo lilipofanya shindano lake la kwanza la hadithi fupi mapema katika miaka ya 1950, mshindi alikuwa mwalimu wa shule jina lake Can Themba, ambaye baadaye aliingia katika kazi ya gazeti hilo hilo. Joe, lililotoka Nairobi katika miaka ya 1970, lilipenda kicheko chenye mwiba ndani yake. Hadithi iliyofaa nyumba moja ingeweza kukataliwa katika nyingine bila kuwa mbaya. Kwa hiyo, kabla hujapeleka kitu, soma matoleo matatu au manne ya gazeti unalolitaka. Hesabu maneno ya hadithi zake. Gazeti likisema maneno 2,000, usipeleke 3,500 ukitumaini kwamba uzuri wake utamlainisha mhariri. Mhariri ana ukurasa, na ukurasa hautanuki.

Sharti jingine hupotosha watu wengi. Tuzo ya Caine, iliyoanza mwaka 2000, imekuwa ikitolewa kwa hadithi iliyokwisha kuchapwa, na mchapishaji ndiye huipeleka, si mtungaji. Binyavanga Wainaina aliishinda mwaka 2002. Yeye na wenzake wakaanzisha gazeti la Kwani?, na mwaka 2003 Yvonne Adhiambo Owuor akashinda tuzo hiyo kwa hadithi iliyochapwa humo. Lakini tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, iliyoanza mwaka 2012, imetaka kinyume chake: hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000 ambayo haijachapwa po pote. Imepokea hadithi za Kiswahili pia, wala haikutoza ada ya kuingia. Basi mtu aliyeitoa hadithi yake bure katika intaneti ili rafiki zake waisifu, huenda amejifungia mlango mmoja bila kujua. Sifa za jioni moja zaweza kuwa ghali. Na kwa kuwa masharti hubadilika, yasomeni kila mwaka kabla ya kupeleka.

Kweli ya tatu inahusu haki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli sokoni, ambako mnunuzi hupita na kuona. Haifai kwa hadithi iliyolala sandukuni. Hadithi yako haina budi kutembezwa, na ikitembea, wewe uwe na nakala yake nyumbani, pamoja na daftari lenye safu nne: jina la hadithi, gazeti lililopelekewa, tarehe, na jibu. Gazeti likikukatalia, isome tena mara moja, rekebisha linalostahili kurekebishwa, kisha uipeleke kwingine kabla hasira haijageuka uvivu.

Ikikubaliwa, usitie sahihi kwa furaha. Uliza kwanza: wananunua nini? Katika Kenya, kwa sheria ya mwaka 2001, kazi ya mtungaji ni mali yake tangu alipoiandika, hata kama hakuiandikisha kwa serikali. Na mali hiyo hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake, mikononi mwa warithi. Haki hiyo haihamishwi kwa maneno ya mdomo. Lazima yawepo maandishi na sahihi yake. Kwa hiyo kalamu yako ndiyo kufuli. Kumpa mwenye gazeti ruhusa ya kuichapa hadithi mara moja ni kama kumkodisha shamba kwa msimu mmoja. Kumwuzia haki zote ni kumpa hati ya shamba. Mambo yote mawili ni halali, lakini bei yake haiwezi kuwa moja. Na kama hadithi yako itaingia kitabuni baadaye, au itachezwa redioni, wa kwanza atarudi kwako na wa pili hatarudi.

Sasa niseme lisilopendeza. Magazeti yanayolipa kwa hadithi fupi ni machache, na yale yanayolipa kwa hadithi za Kiswahili ni machache zaidi. Malipo mara nyingi huchelewa. Mtu awaye yote anayewaahidi kwamba baada ya siku tatu za mafunzo mtaacha kazi zenu na kuishi kwa kalamu, mwulizeni yeye mwenyewe anaishi kwa kuuza hadithi au kwa kuuza mafunzo. Na yule anayetaka mtungaji amlipe ili achape hadithi yake, jueni kwamba biashara imepinduka: hapo hadithi hainunuliwi, mtungaji ndiye anayenunua ukurasa.

Kwa hiyo shauri langu kwa aliyeuza mbuzi mmoja ni kwamba asiuze wa pili. Akae siku hizi tatu kwa bidii, apate marafiki wawili wa kusomeana nao kila mwezi, maana kundi la watu watatu jikoni kwa mmoja wao hufanya kazi ile ile ya warsha, na halitozi ada. Muuza nguo niliyewatajia habari zake alifanya hivyo. Bado anauza nguo. Mara ya mwisho nilipoonana naye alikuwa na daftari lake la safu nne chini ya meza ya bidhaa. Hadithi ile ilikuwa imekataliwa mara mbili, naye alikuwa amekwisha kuipeleka mara ya tatu.

Kesho mtakapokutana saa mbili asubuhi, kila mmoja aje na kurasa zake, na jina la gazeti moja ambalo amelisoma kweli. Mwenye kalamu nyekundu na aje nayo.