Mtandao Ukikatika, Skuli Isikwame

Leo nazungumza na walimu wakuu na makarani wa skuli, kuanzia hapa Darajani hadi Nungwi na Makunduchi.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huku kwetu Tanzania intaneti ikazorota kwa siku kadhaa. Na nani Unguja amesahau Disemba 2009, waya wa umeme kutoka Bara ulipoharibika, tukakaa gizani karibu miezi mitatu?

Sasa chukulia ni saa nne asubuhi, mtoto wa darasa la tatu amebanwa na pumu. Namba ya mzazi imewekwa mtandaoni, na mtandao haupo. Alama za mtihani zinaweza kungoja wiki nzima. Namba ile haingoji.

Kwa hiyo anzeni kwa kuchagua. Mambo manne yasikose kwenye karatasi: majina ya wanafunzi kwa kila darasa, simu za wazazi, maradhi na dawa za mtoto mwenye tatizo, na nani ameruhusiwa kumchukua mtoto. Karani achapishe kila Ijumaa, aandike tarehe juu, afungie faili kabatini, na ufunguo wawe nao watu wawili. Orodha ya zamani ichanwe au ichomwe, maana hizo ni siri za watu.

Alama na kumbukumbu za uhamisho ziwe na nakala kwenye kompyuta ya skuli, na nyingine kwenye diski inayowekwa jengo jingine. Wengi hawajui kuwa kifaa cha wifi huunganisha kompyuta za ofisini hata intaneti isipokuwepo. Fundi akishayapanga mafaili, kompyuta moja huyatunza na nyingine huyasoma, mradi umeme upo. Ukikatika nao, mwalimu aandike kwenye daftari la mahudhurio, aje kujaza kwenye mfumo baadaye.

Kisha jaribuni. Kila muhula, asubuhi moja, zimeni intaneti kwa makusudi, mumwambie karani atafute simu ya mzazi mmoja. Akikwama, faili lirekebishwe siku hiyo hiyo.